Walioghibu Nao Wapo

Neno ghaibu lina njia mbili katika Kiswahili. Mtu aliye ghaibu ni yule asiyeonekana, aliye mbali na macho ya wenziwe. Na mtu asomaye kwa ghaibu ni yule aliyehifadhi maneno moyoni hata asihitaji karatasi. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na njia zote mbili zimo humo pia. Taarikh ya Wapalestina waliobaki katika ardhi yao baada ya mwaka 1948 imepita baina ya maana hizo mbili: sheria iliwaandika kuwa ni watu ghaibu, nao wakazihifadhi tungo zao kwa ghaibu.

Asili ya mambo inajulikana, wala haitakiwi kurefushwa hapa. Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuigawa Palestina, iliyokuwa chini ya Uingereza, iwe dola mbili, moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Viongozi wa Wayahudi, ambao miaka miwili tu nyuma umma wao ulikuwa umetoka katika mauaji ya Ulaya yaliyoangamiza watu milioni 6, walilikubali. Waarabu, waliokuwa kiasi cha theluthi mbili za wakaazi, walilikataa. Vita vikaja. Vilipokwisha mwaka 1949, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikuwa wakimbizi, vijiji zaidi ya 400 vilikuwa havina watu, na vingi vyao vikabomolewa ili pasiwe na pa kurudi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kusema, katika azimio namba 194 la tarehe 11 Desemba 1948, kwamba wakimbizi wanaotaka kurejea makwao na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe. Hawakuruhusiwa.

Ndani ya mipaka mipya ya Israel walibaki Wapalestina wapatao 150,000, aghalabu yao wakulima wa Galilaya. Miji ndiyo iliyokwisha kwanza. Haifa, Yafa, Akka na mitaa ya magharibi ya Al-Quds ilikuwa na matbaa, magazeti, shule na wasomi. Kwa muda wa miezi michache tu wengi wa watu hao wakawa wako Beirut, Amman, Damascus na Cairo. Khalil Sakakini, mwalimu mkubwa wa lugha, aliondoka nyumbani kwake Katamon mwisho wa Aprili 1948 na baadaye akaandika maneno ya kuviaga vitabu vyake kama aagaye jamaa. Vitabu vipatavyo 30,000 vilikusanywa katika nyumba za mitaa hiyo ya Al-Quds na kupelekwa katika maktaba ambayo leo ndiyo Maktaba ya Taifa ya Israel. Maelfu yake yalitiwa alama ya herufi mbili, AP, maana yake mali iliyotelekezwa. Basi wale waliobaki mashamba walibaki bila ya vitabu, bila ya wachapaji na bila ya walimu wao. Kilichokuwa hakikukusanywa ni kile kilichokuwa vifuani mwa watu.

Mwaka 1950 Bunge la Israel lilipitisha Sheria ya Mali za Wasiokuwapo. Kwa sheria hiyo, mtu yeyote aliyeondoka kwake katika siku za vita na kwenda nchi ya Kiarabu, au hata katika sehemu ya Palestina iliyokuwa bado haijashikwa na majeshi ya Israel, alihesabiwa kuwa hayupo, na shamba lake, nyumba yake na fedha zake zikawekwa chini ya msimamizi wa serikali. Haikujali alikwenda kwa muda gani, wala kwamba amesharudi. Mkulima aliyekimbilia kijiji cha pili kwa wiki mbili, akarejea na kupewa kitambulisho cha Israel, aliweza kulipa kodi kama mtu aliyepo na kunyang'anywa shamba kama mtu asiyekuwapo. Inakisiwa kuwa robo ya waliobaki walikuwa katika hali hiyo. Kwa Kiarabu wakaitwa al-hadhirun al-ghaibun, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: waliohudhuria, walioghibu.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka saba. Mahmoud Darwish alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha Birwa, mashariki ya Akka. Birwa ilitekwa Juni 1948, na jamaa zake wakavuka mpaka kwa miguu hadi Lebanon. Baada ya kiasi cha mwaka mmoja walirudi kwa siri, wakakuta kijiji hakipo. Mahala pake pakaanzishwa kibbutz ya Yas'ur mwaka 1949 na makaazi ya Ahihud mwaka uliofuata. Wakaishi katika vijiji vya watu, wapangaji katika wilaya ambayo babu yao alikuwa na ardhi yake ndani yake. Mshairi mwenyewe alisimulia mara nyingi kisa cha shuleni, alipoombwa asome kitu katika sherehe za kuadhimisha siku ya kuasisiwa dola. Akasoma shairi la mtoto wa Kiarabu akimwambia mtoto wa Kiyahudi kwamba wewe una nyumba na mimi sina, wewe una sikukuu na mimi sina. Kesho yake aliitwa na gavana wa kijeshi, akatukanwa, na kuambiwa kwamba akiendelea hivyo baba yake atakosa kazi. Ni vigumu kupata mwalimu aliyemfundisha mshairi kuliko gavana yule. Mtoto alijua tangu siku hiyo kwamba maneno yake yana uzito, kwani amewaona wenye bunduki wakiyaogopa.

Gavana wa kijeshi aliweza kufanya hivyo kwa sababu Wapalestina wa Israel, ingawa walikuwa na haki ya kupiga kura, waliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 1948 hadi 1966. Utawala huo ulisimama juu ya Kanuni za Ulinzi za Hali ya Dharura za mwaka 1945, ambazo Waingereza walizitunga kwa kuwakandamiza Wayahudi walioasi. Mwaka 1946 mawakili wa Kiyahudi walikutana Tel Aviv kuzilaani kanuni hizo kwa ukali. Mmoja wa waliozilaani, Yaakov Shimshon Shapira, ndiye aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu wa kwanza wa Israel. Kanuni zikabaki. Kwa mujibu wake hakuna aliyeweza kutoka kijijini kwenda mjini kutafuta kazi, kumwona mgonjwa au kusoma shairi katika hafla mpaka apate kibali chenye jina, njia, siku na saa. Wazee wa Kenya waliovaa kipande shingoni hawatahitaji kuelezwa hayo.

Mwisho wa mambo hayo ulionekana tarehe 29 Oktoba 1956 katika kijiji cha Kafr Qasim, karibu na mpaka wa Jordan. Siku hiyo vita vya Suez vilianza, na amri ya kutotoka nje ikasogezwa mbele hadi saa kumi na moja jioni. Mkuu wa kijiji aliarifiwa nusu saa kabla. Watu walikuwa bado mashambani na makazini. Waliporudi, baada ya saa hiyo kupita, askari wa mpakani waliwapiga risasi, wanaume, wanawake na watoto, kikundi baada ya kikundi. Waliouawa ni 49 kwa hesabu ya wenyeji. Serikali ilizuia khabari zisichapwe. Wabunge wawili wa chama cha kikomunisti, Tawfiq Tubi, Mwarabu, na Meir Vilner, Myahudi, walijipenyeza hadi kijijini wakachukua ushahidi wa majeruhi, na Tubi akausambaza kwa waraka. Kesi ikafanywa, na askari wakahukumiwa vifungo vya hadi miaka 17. Kufikia mwanzo wa 1960 wote walikuwa nje. Kamanda wa brigedi aliyesogeza amri alitozwa faini ya pruta 10, sarafu moja ndogo, na mpaka leo Waarabu wa huko wakitaka kutaja damu isiyokuwa na thamani huitaja sarafu hiyo.

Khabari ambayo magazeti yalizuiwa kuichapa ilikuwa tayari imo katika mashairi. Samih al-Qasim, Tawfiq Zayyad na Darwish wote walitunga juu ya Kafr Qasim, na tungo hizo zikasomwa katika hafla za ushairi zilizokuwa zikifanywa Nazareti, Kafr Yasif na kwingineko, katika viwanja na kumbi za senema. Watu walikwenda kwa miguu, wengine kwa kujificha kwa kuwa hawana vibali. Washairi nao walipigwa marufuku kutoka vijijini mwao siku za hafla, wakawekwa kizuizini majumbani, wakafungwa. Darwish alitiwa jela zaidi ya mara moja katika miaka ya 1960. Dola iliyokuwa imeshinda majeshi ilikuwa ikihesabu nani atapanda jukwaani Jumamosi.

Ghassan Kanafani, mzaliwa wa Akka aliyekuwa mkimbizi Beirut, alieleza kwa nini ilikuwa hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya fasihi ya mapambano, ambacho ndicho kilichowafanya Waarabu wa nje kujua kwamba ndani ya Israel kuna washairi, alisema kuwa ushairi ulitangulia riwaya na hadithi kwa sababu unakwenda kwa mdomo na hauhitaji mchapaji. Miaka sita baadaye, tarehe 8 Julai 1972, bomu lililotegwa katika gari yake lilimuua yeye na binti wa dada yake.

Si haki, lakini, kusema kwamba kila kilichosomwa katika hafla zile kilikuwa ushairi. Nyingi zilikuwa hotuba zenye vina, zikasahauliwa na waliozipigia makofi. Wanaokumbuka ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa katika Kiswahili watapendezwa kujua kwamba huko ugomvi kama huo ulikuwapo, na kwamba zilizodumu si lazima ziwe zile zenye vina kamili. Shairi la Darwish la kitambulisho, lililomo katika diwani ya Majani ya Mzaituni ya mwaka 1964, limevunja bahari za kale, na hata hivyo maelfu walilihifadhi baada ya kulisikia mara moja au mbili. Siri yake ni sahali. Msemaji anasimama mbele ya ofisa anayejaza fomu, na anamjibu kwa mpango wa fomu yenyewe: jina, kazi, watoto, sura, anwani. Fomu iliyotungwa ili kumpunguza inajazwa mpaka inafurika. Kila msikilizaji ukumbini alikuwa amesimama mbele ya meza ile asubuhi ya wiki hiyo.

Baadaye Darwish alipokuwa Beirut, wasikilizaji wakimlilia alisome, alikataa. Alieleza kwamba kumtajia ofisa wa Israel kuwa wewe ni Mwarabu ni ushujaa, na kuwatajia Waarabu wenzio hivyo hivyo ni kujisifu tu. Hukumu hiyo ni ya haki. Shairi lilikuwa tendo, na tendo lina mahala pake.

Msomaji asidhani kwamba watu hawa walijifungia katika chuki ya lugha ya mtawala. Darwish alisema wazi kwamba ni kwa Kiebrania ndipo alipowasoma washairi wa mataifa mengine, Lorca akiwa mmoja wao. Rashid Hussein wa kijiji cha Musmus alifanya zaidi: alizitafsiri kwa Kiarabu tungo za Hayim Nahman Bialik, mshairi anayeheshimiwa na Wayahudi kuwa ni mshairi wa taifa lao. Hakuna dalili kubwa zaidi ya mtu anayetaka kuishi na jirani yake kuliko kukaa usiku kucha akimtafutia jirani huyo neno lililo sawa. Rashid Hussein alikufa New York mwaka 1977, chumba chake kiliposhika moto, na mwili wake ukarejeshwa kuzikwa Musmus.

Naye Taha Muhammad Ali hakuhudhuria jukwaa lolote katika miaka hiyo. Alizaliwa Saffuriyya mwaka 1931, akasoma madarasa manne tu. Kijiji chake kilishambuliwa usiku mmoja wa Julai 1948, wakakimbilia Lebanon, wakarudi kwa siri na kukaa Nazareti, mwendo mfupi kutoka mahala palipokuwa Saffuriyya. Akafungua duka la kuwauzia mahujaji wa Kikristo vikumbusho, na nyuma ya meza ya duka akajifundisha Kiarabu cha vitabu na Kiingereza. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1983, akiwa amepita miaka 50. Tungo zake hazina bendera wala hazipigi kelele. Zina mbuzi, mashamba, na msichana wa kijijini ambaye vita vilimpeleka kambini Lebanon. Pengine ndiye aliyewajibu waandishi wa sheria ya 1950 kwa ukamilifu kuliko wote, kwani alikihudhurisha kijiji kizima ambacho ramani imekifuta.

Utawala wa kijeshi uliondolewa Desemba 1966. Miezi sita baadaye, katika vita vya Juni 1967, Israel iliteka Ukingo wa Magharibi, Gaza na Al-Quds ya mashariki, na mashine ile ile ya vibali, vizuizi na mahakama za kijeshi ikahamishiwa huko, ambako iko mpaka sasa. Kwa upande mwingine ukuta uliowatenga ndugu kwa miaka 19 ulianguka. Fadwa Tuqan, mshairi wa Nablus, alikwenda Haifa mwaka 1968 akakutana na Darwish na al-Qasim kwa mara ya kwanza, watu waliokuwa wakisomana kwa redio na kwa vipande vya magazeti.

Tendo kubwa la kisiasa la wale waliobaki liliongozwa na mshairi. Tawfiq Zayyad alichaguliwa meya wa Nazareti Desemba 1975. Mapema mwaka 1976 serikali ilitangaza kuchukua ardhi kiasi cha dunamu 20,000 katika Galilaya, na mgomo ukaitishwa tarehe 30 Machi. Siku tano kabla yake mameya wa Kiarabu walikutana Shafa Amr, na wengi wao, kwa kushinikizwa na serikali, wakataka mgomo uvunjwe. Zayyad aliwajibu kwamba watu wamekwisha kuamua wenyewe. Wakagoma. Jeshi likaingia Sakhnin, Arraba na vijiji vingine, na vijana sita wakauawa. Siku hiyo huitwa Siku ya Ardhi na huadhimishwa na Wapalestina popote walipo. Neno ardhi, kama haki na dhulma, Mswahili hulisikia katika Kiarabu chao bila ya kugeuzwa.

Tangazo la dola ya Palestina lililosomwa Algiers tarehe 15 Novemba 1988 lilitungwa na Darwish, naye Edward Said akalitia katika Kiingereza. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoitambua dola hiyo mwezi huo huo. Ni nadra tangazo la dola kuandikwa na mtu ambaye sheria ilikwisha kumwandika kuwa hayupo. Na huyo huyo, mwaka 1993, alijiuzulu katika Kamati Tendaji ya PLO kwa kuupinga mkataba wa Oslo, akisema haukuahidi kuondoka kwa jeshi wala mwisho wa ukaliaji. Waliomlaumu siku hizo kuwa mshairi hajui siasa waliishi wakaona makaazi ya walowezi yakiongezeka mwaka hadi mwaka.

Tarehe 19 Julai 2018 Bunge la Israel lilipitisha sheria inayosema kwamba haki ya kujiamulia mambo kama taifa, katika dola ya Israel, ni ya Wayahudi pekee. Na Kiarabu, kilichokuwa lugha rasmi, kikateremshwa. Siku 12 baada ya hapo, mahakama ya Nazareti ilimhukumu Dareen Tatour, mshairi wa Reineh, miezi mitano jela. Alikuwa amekamatwa Oktoba 2015 kwa shairi alilolisoma kwa sauti na kulieneza, pamoja na maandiko mengine. Kesi hiyo ingefaa kusomeshwa popote panaposomeshwa tafsiri. Shairi lilitiwa katika Kiebrania na askari polisi asiyekuwa mfasiri, na mahakama ikapoteza siku nyingi juu ya neno moja, shahid. Upande wa mashtaka ulilifahamu kuwa ni mtu anayekwenda kuua na kujiua. Mashahidi wa utetezi, wajuzi wa lugha na fasihi, walieleza kwamba Mpalestina humwita hivyo kila aliyeuawa katika dhulma hii, akiwemo mtoto mchanga. Mtu wa Zanzibar angewaambia kwamba shahidi ni huyo, na shahidi pia ni yule anayesimama mahakamani kusema aliyoyaona. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilifuta hatia iliyohusu shairi na kuziacha nyingine. Kifungo alikuwa amekwisha kukitumikia.

Kisha ikaja Oktoba 2023. Tarehe 7 wapiganaji wa Hamas na wenzao walivamia kusini ya Israel wakaua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, na kuchukua mateka kiasi cha 250. Vita vilivyoshushwa juu ya Gaza baada ya hapo vilikuwa vimeua zaidi ya watu 60,000 kufikia mwisho wa Julai 2025, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya huko. Tarehe 6 Desemba 2023 aliuawa Refaat Alareer, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza. Shairi lake moja fupi, alilolitunga mwenyewe kwa Kiingereza miaka mingi kabla, limetafsiriwa katika lugha nyingi. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai kwamba kuwapo kwa Israel katika ardhi iliyotekwa 1967 ni kinyume cha sheria, na kwamba kunawazuilia Wapalestina haki yao ya kujiamulia. Rai hiyo hailazimishi mtu.

Na sheria ya 1950 ingali inatumika. Watu wa Iqrit, kijiji cha Wakristo karibu na mpaka wa Lebanon, walitolewa Novemba 1948 kwa ahadi ya kurudi baada ya wiki mbili. Julai 1951 Mahakama Kuu iliamua kwamba warudi. Jeshi likazilipua nyumba zao siku ya Krismasi ya mwaka huo, likaacha kanisa. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ikakataa ombi lao jipya. Tangu miaka ya 1970 wanaruhusiwa kuwazika maiti wao katika makaburi ya kijiji. Agosti 2012 baadhi ya wajukuu walipiga kambi kando ya kanisa, wakapanda miti na mboga. Maofisa wa ardhi wakaja kung'oa, nao wakapanda tena.